Chomoeni, Inanguruma

Hasira ya Rahel kwa shemeji yake Jastin ilianza kabla mtu hajagusa kompyuta. Ilianza Ijumaa jioni, pale Jastin aliposhuka kwenye basi la Mbeya, akaingia nyumba ya kaka yake Nestory, mume wa Rahel, mtaa wa Kizwite mjini Sumbawanga, akatua kiboksi kidogo juu ya meza ya chakula na kusema kwa sauti ya mtu aliyeleta mahari, "Shemeji, kesho nakutoa kwenye ujima."

Ujima! Rahel ni mwalimu wa shule ya msingi. Kompyuta ile ya mezani aliinunua kwa mshahara wake, akajifunza mwenyewe kuchapa mitihani mpaka walimu wa shule jirani wakawa wanamletea ya kwao. Leo mtu wa kumtoa ujimani awe huyu, ambaye mara ya mwisho alikuja kumwekea programu mpya akaondoka na chaja yake ya simu? Lakini mgeni akishuka kwenye basi humpokei kwa maneno. Rahel alimpelekea maji ya moto bafuni, akamsongea ugali, akameza yaliyomjaa mdomoni.

Ndani ya kiboksi mlikuwa na prosesa. Ni kidude kidogo, bapa, hakizidi biskuti, lakini ndicho kinachofikiri ndani ya kompyuta, na kikizeeka kompyuta nzima inakuwa mzee. Cha Rahel kilikuwa kimezeeka. Mitihani kiliiweza. Kilichokishinda ni video ya baba mkwe.

Mzee Polikarp, baba yao Nestory na Jastin, alifanya jubilei ya dhahabu ya ndoa yake kijijini kwake Mollo, na mpiga video wa mjini akaichukua sherehe yote kwa kamera kubwa, picha safi mpaka unaona uzi uliolegea kwenye kola ya shati. Mvua zilizofuata, mzee akiwa shambani anapalilia mahindi, radi ilimpiga. Mkewe, Mama Cornelia, alikuwa matuta machache kutoka pale aliposimama. Mji huu ukisikia radi imeua mtu haukubali kwamba ni radi tu, lazima atafutwe aliyeituma, na msibani walikuja watu na majina tayari midomoni. Mama Cornelia aliwatimua. "Mvua ilinyesha, radi ikapiga, mimi nilikuwapo," aliwaambia. "Msinitafutie jirani."

Basi kilichobaki cha mzee, ukiacha shamba na koti lake la mvua, ni ile video. Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza Mama Cornelia alitoka Mollo akaja Kizwite, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye kigoda mbele ya kompyuta, na Rahel akamfungulia pale mzee anaposhika kipaza sauti. Mzee Polikarp hakuwa msemaji. Siku ile alikohoa, akatazama chini, kisha akasema, "Huyu mke wangu ana hasira sana. Ndiyo maana nimeishi siku nyingi, maana hata kufa niliogopa kumuaga." Watu wote hemani wakaangua kicheko. Na Mama Cornelia, kwenye kigoda chake, kila Jumapili alicheka upya na kukijibu kioo, "Mwongo wewe!"

Ila kompyuta ilikuwa inakwama. Video ile ilikuwa nzito kuliko nguvu zake. Mzee alisema "Ndiyo maana" akagandia hapo, mdomo wazi, macho nusu, na sauti yake ikakatikakatika. Mama Cornelia alikuwa anachukia hilo kuliko kitu chochote. "Mbona mnamkaba?" alifoka siku moja, na Rahel akaona aibu kama ni yeye aliyemshika mzee koo. Jioni hiyo Nestory alimpigia simu mdogo wake Mbeya, ambako Jastin alikuwa anafanya kazi kwenye duka la kompyuta, wakakubaliana kubadili prosesa.

Hapo Rahel hakuwa na ugomvi. Ugomvi wake ulikuwa juu ya namna ya kuifanya kazi. Alikuwa amesoma, kwa sababu mwalimu haingii darasani bila kuandaa somo. Alijua kuwa prosesa mpya haitambuliwi na mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, mpaka kwanza ubao wenyewe ulishwe programu mpya ya kuiamsha mashine. Alijua kuwa programu hiyo ikiwa inaingia, umeme ukikatika, ubao unakufa. Na alijua jambo la tatu, lililomkosesha raha kuliko yote. Kompyuta za siku hizi huifunga diski kwa kufuli lisiloonekana, ufunguo wake ukakaa humohumo kwenye ubao na prosesa, na ukibadili kimoja bila kulifungua kufuli kwanza, mashine inakugeuka na kukuuliza namba ndefu ambayo kama huna, vitu vyako umeviaga.

"Shemeji," alimwambia Jastin Jumamosi asubuhi, "kwanza tuihamishe video ya baba mahali pengine. Halafu uangalie kama diski ina kufuli. Ndiyo tuanze."

Jastin alikuwa anakunywa chai. "Haina kufuli."

"Umeangalia?"

"Mimi ndiye niliyeiwekea programu, niangalie nini tena? Shemeji, kompyuta siyo ng'ombe, haihitaji kuchungwa." Akacheka, akamtazama kaka yake naye acheke. Rahel ni binti wa Limbu, mfugaji aliyehamia bonde la Rukwa na mifugo yake kutoka Shinyanga, na kwa watu wa nyumba hii utani wa ng'ombe hauchakai.

"Na diski yangu ya nje iko wapi?" Rahel aliuliza. "Ile uliyoniazima."

Jastin aliacha kucheka. Diski ilikuwa Matai, kwa mshikaji wake mmoja. Angeileta. Si alikwisha sema angeileta?

Flashi ya shule Rahel aliijaribu, ikakataa, video ilikuwa kubwa kuliko flashi yenyewe. Mpiga video alishahamia Tunduma, na kadi zake za kamera zilishapigia harusi za watu wengine. Simu za watoto wa ukoo zilijaa picha za keki na vichekesho vya wacheza ngoma, lakini mzee alipokuwa anaongea kila mtu alikuwa kwenye foleni ya pilau. Hata wazo la kushika simu na kukirekodi kioo, jambo la dakika chache, halikumjia mtu, na hilo Rahel alikuja kujilaumu nalo mpaka akachoka.

"Basi tungoje," alisema. "Diski irudi kutoka Matai. Na mvua zipungue. Huu ni mwezi wa tatu, mbingu haziaminiki."

"Jumatatu nipo kazini," Jastin alijibu. "Nikiondoka nimeondoka."

Nestory alikuwa anafunga kamba za viatu. Ni mtu mpole, Nestory, na upole wake ulikuwa na tabia ya kumwangukia mkewe kila mara. "Mama Kalisti," alimwambia Rahel bila kuinua kichwa, "mwache mdogo wangu afanye kazi yake. Ndiyo kazi aliyosomea." Akatoka kwenda dukani kwake.

Rahel alisimama pale na sufuria ya chai mkononi, akijua yuko sahihi, akijua pia kuwa katika nyumba ile usahihi wake umekwisha pigwa kura na kushindwa. Angeweza kuikumbatia mashine akakataa. Hakufanya hivyo. Alitaka Jumapili ile Mama Cornelia amsikie mumewe bila kukatishwa, na alilitaka hilo kama vile mzee alikuwa baba yake mwenyewe.

Mama Cornelia, aliposikia Jastin yupo, hakungoja Jumapili. Alifika asubuhi ile ile amejifunga vitenge viwili kwa ajili ya baridi. Rahel alipiga goti na kupiga makofi taratibu kama alivyofunzwa alipoolewa huku. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baba yenu mnamfanyaje huko ndani?"

"Tunamwekea nguvu mpya, mama."

"Haya. Msimtoe mkono." Akachukua ungo wa maharage, akakaa kibarazani nyuma ya nyumba kuchambua.

Adhuhuri Jastin alianza. Aliwasha, akabonyeza anakojua, na kioo kikawa cheusi chenye mstari mweupe unaotambaa. Chini yake palikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo Rahel aliyasoma mara mbili: usizime mashine. Programu mpya ilikuwa inaingia kwenye ubao. Umeme ulikuwapo, umetulia, hata balbu ya sebuleni haikupepesa. Jastin alipigiwa simu, akatoka nayo barabarani akicheka na mtu wa upande wa pili. Rahel alibaki na mashine. Alikaa akautazama ule mstari kama mtu anayengoja maziwa yasichemke yakamwagika.

Ndipo upepo ukaja. Huku Ufipa upepo haubishi hodi. Dirisha lilijibamiza, na Rahel akakumbuka kimea. Nje, juu ya turubai, alikuwa ameanika kimea cha ulezi cha pombe ya Pasaka, ulezi aliouotesha na kuulinda na kuku wiki nzima. Matone mawili makubwa yaligonga bati. Rahel alikimbia nje, akazikusanya pembe za turubai, akalivuta kuelekea jikoni, na alipokuwa ameinama hivyo mbingu ikapasuka upande wa Mollo kwa mngurumo uliotikisa vyombo kabatini.

Sasa, Sumbawanga kukinguruma watu hawaulizani. Friji inachomolewa, televisheni inachomolewa, simu zinazimwa, kioo cha kujitazamia kinageuzwa ukutani, mwenye kanga nyekundu anaivua. Mtoto wa hapa anajua kuchomoa kabla hajajua kuchomeka. Na kwa ukoo wa Mzee Polikarp, tangu yale ya shambani, jambo hilo lilikuwa limepanda likawa sawa na amri ya kumi na moja. Anayesikia wa kwanza anapiga kelele, aliye karibu anachomoa. Rahel alikuwa ameishi katika amri hiyo muda mrefu kiasi kwamba mdomo wake haukumuuliza yeye.

"Chomoeni!" alipaza sauti. "Chomoeni, inanguruma!"

Akaliburuta turubai hatua nyingine. Kisha akasikia alichokisema.

Aliliachia lile turubai. Ulezi ulimwagika kwenye matope na hakugeuka kuutazama. Alipofika sebuleni Mama Cornelia alikuwa amesimama kando ya meza, kandambili moja mguuni na nyingine imebaki kibarazani, plagi ya kompyuta mkononi, anahema. Friji ilikuwa kimya. Televisheni ilikuwa kimya.

"Nimewahi," alisema Mama Cornelia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemvuta mtoto kutoka barabarani. "Ingetuchukulia baba yenu humu ndani."

Rahel aliitazama ile plagi. Alikuwa na hasira kubwa isiyo na pa kukaa. Imwangukie nani? Mkwe wake, ambaye alitii? Jastin, aliyekuwa anakuja mbio kutoka barabarani amefunika kichwa kwa koti? Au mdomo ule uliokuwa bado wazi, wa kwake mwenyewe?

"Nani amechomoa?" Jastin aliuliza, na alipoona kioo uso wake ulishuka.

"Mimi," alisema mama yake. "Husikii? Keti chini."

Waliketi sakafuni wote, kama desturi inavyotaka, mpaka mvua ikahamia mbali. Mama Cornelia alisali rozari. Jastin alikuwa anatafuna ukucha. Rahel aliutazama waya uliolala pale chini, akingoja mtu aseme kwamba kelele ilitoka uani. Hakuna aliyesema. Jastin hakuwapo, na Mama Cornelia hahitaji kuambiwa kuchomoa, mji mzima unajua. Basi jambo likawa la Mama Cornelia lote, na Rahel akaliacha liwe hivyo.

Mvua ilipoisha walichomeka. Feni zilizunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki giza. Jastin alijaribu tena, akatoa hiki, akarudisha kile, akaiweka ile prosesa mpya, akairudisha ya zamani. Giza. Alimwita Rahel jikoni na kumnong'oneza kuwa ubao umekufa, lakini asiogope, vitu vyote viko kwenye diski, na diski haijaguswa. Angeondoka nayo Mbeya akaitie kwenye mashine nyingine.

Kesho yake, Jumapili, Mama Cornelia alitoka misani akaketi kwenye kigoda. Jastin, begi begani, diski ndani ya begi, alimwinamia mama yake. "Mama, bado anatengenezwa. Jumapili ijayo baba atakuwa tayari."

"Haya," alisema Mama Cornelia.

Jumatano simu ililia. Rahel alikuwa anasahihisha madaftari, Nestory akaiweka sauti nje. Diski ilikuwa nzima, Jastin alisema. Ila ilikuwa inauliza namba.

"Namba gani?" Nestory aliuliza.

"Ya kufuli," alisema Rahel kutoka mezani, kalamu nyekundu mkononi. "Si ulisema haina kufuli?"

Jastin alishusha sauti. "Shemeji, hizi za siku hizi zinajifunga zenyewe ukishaingiza akaunti."

"Na akaunti ni ya nani?"

Akaunti ilikuwa ya Jastin. Siku anaiwekea programu alifungua barua pepe ya haraka haraka, jina la kubuni, neno la siri alilolisahau kabla hajafika stendi, na laini ya simu aliyoitupa baadaye. Namba ya kufuli ilikuwa humo, na humo hakuna wa kuingia. Alikuwa amejaribu kila jina alilowahi kumtania nalo mtu. Kwa ufundi wa dunia hii, alisema, diski ile sasa ni kipande cha chuma.

Rahel aliinuka. Alisema maneno ambayo mwalimu hayasemi na mke wa mtu hamwambii shemeji yake, na aliyasema kwa Kisukuma baadhi yake, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kifupi. Alimwita mzembe. Alimwita mwizi wa chaja. Alimwambia kuwa baba yake alikuwa amebaki na dakika chache tu za kuongea duniani na yeye amezifungia ndani akatupa ufunguo kwa kuona uvivu wa kuangalia. Jastin alipoanza kulia kwenye simu, Rahel alizidi kukasirika, maana sasa hata hasira yake ilikuwa imegeuzwa ukatili.

Nestory aliikata simu. "Mama asijue," alisema.

"Asijue nini?"

"Ni mkono wake uliochomoa, Rahel. Mume ameshampoteza mara moja mbele ya macho yake. Unataka ajue amempoteza mara ya pili kwa mkono wake? Unataka kumuua?" Alikuwa amesimama katikati ya chumba, macho yamejaa. "Tutasema inatengenezwa. Atazoea. Atasahau."

Hapo ndipo Rahel angesema. Hapo, pale pale: Mimi ndiye niliyepiga kelele. Alifungua mdomo. Ule mdomo mwepesi wa kupiga kelele uani haukutoa kitu sebuleni. Alikaa, akavuta madaftari, na mtoto aliyeandika kuwa Tanzania ina mikoa kumi akapata mkwaju mkubwa wa kalamu nyekundu uliochana karatasi.

Jumapili ikaja. Nestory alikumbuka kuwa ana mzigo wa kupokea dukani. Mama Cornelia alivua viatu, akaketi, akakitazama kioo cheusi. Rahel alimletea chai. "Bado, mama. Jumapili ijayo." Jumapili nyingine Nestory alikuwa na kikao cha jumuiya, na Mama Cornelia alikuja amevaa kitenge kile cha jubilei, kilichopigwa pasi mpaka mistari inaonekana. "Bado, mama." Alikunywa chai yake yote, akasema ahsante, akavaa viatu. Kila alipoondoka Rahel alifunga mlango wa chumbani na kuuma mto. Ulikuwa uongo wa wanaume wawili, lakini chai na uso wa kuuzungumza vilikuwa vya mwanamke mmoja. Na chini ya hasira aliyokuwa nayo kwao kulikuwa na nyingine, mbaya zaidi, ya kujua kuwa uongo wao unamsitiri na yeye.

Ilifika hatua akaanza kumkasirikia hata mkwe. Kwa nini haulizi? Mwanamke huyu aliyewatimua wambea msibani, ambaye akidhulumiwa sado moja ya mahindi sokoni husikika mpaka stendi, leo ananyweshwa "bado" kila wiki na kusema "haya". Rahel alitamani afoke. Angefoka, angepata upenyo.

Jumapili ya Matawi Jastin alikuja kula sikukuu nyumbani. Alikuwa amekonda. Nestory naye, kwa kuwa mdogo wake yupo, alikosa kisingizio. Mama Cornelia aliingia na tawi lake, akalilaza mezani kando ya kioo, akaketi kwenye kigoda, mikono magotini. Rahel alileta chai. Wote wanne wakawa sebuleni, na hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake.

"Mama," Jastin alianza, na sauti yake ilikuwa tamu, laini, sauti ya kumlaza mtoto. "Kuna kifaa kinatoka Dar. Kimeshapakiwa. Jumapili ya Pasaka, Mungu akipenda, baba atakuwa..."

"Nyamaza!" alisema Rahel.

Kikombe kilimponyoka, chai ikatapakaa kwenye mkeka, na hakuinama kuifuta. "Nyamaza, Jastin. Hakuna kifaa. Hakuna Dar. Mama, baba hayupo tena humu. Ameshapotea tangu ile siku ya mvua. Kompyuta ilikuwa inalishwa programu, haikutakiwa kuzimwa, ikazimwa, ubao ukafa. Diski imejifunga, na huyu mwanao amesahau ufunguo. Niliwaambia tungoje. Niliwaambia waangalie. Hawakunisikiliza." Angeishia hapo angekuwa amesema kweli na bado akawa mwongo, na alilijua hilo. "Na wanasema ni mkono wako, mama. Ndiyo sababu wanakuficha. Lakini aliyepiga kelele uchomoe ni mimi. Nilikuwa nashika turubai, ikanguruma, nikapiga kelele. Sikuwaambia. Nimewaacha wakuhurumie wewe."

Nestory alimgeukia mkewe kana kwamba amemwona leo. "Rahel..."

"Mwache," alisema Mama Cornelia.

Hakuwa amepaza sauti. Alikuwa anakitazama kioo.

"Nilikusikia, mwanangu. Nina masikio. Ulipiga kelele nichomoe, nikachomoa, na usingepiga ningechomoa vilevile. Hilo lisikusumbue." Akageuka taratibu kwenye kigoda, akawakabili wanawe. "Na wewe Jastin, ulipoingia mbio siku ile nikauona uso wako, nilijua. Nimekuzaa. Uso ule uliuleta nyumbani siku ulipopoteza ndama wa baba yako kule bondeni."

"Ulijua?" Nestory alisema. "Sasa mama, Jumapili zote hizi ulikuwa unakuja kufanya nini?"

"Nilikuwa nakuja kuambiwa."

Nje bodaboda ilipita, ikapiga honi, ikaenda zake. Mama Cornelia alisimama. Alikuwa mfupi, na vitenge vilimfanya awe mnene, lakini Nestory, mtu mzima mwenye duka na mtoto wa bweni, alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta.

"Nimezaa watoto nikawalea, nikawapeleka shule ili wanizike," alisema. "Nimekuja hapa kila Jumapili, nimevaa, nimeketi mbele ya kitu kilichokufa kama mwehu, nikasema labda leo. Labda leo mmoja wao atakuwa mwanaume aniambie mama, baba hayupo. Mnanipa chai. Mnanisubirisha mume wangu kama nguo iliyoko kwa fundi." Sasa sauti ilikuwa imepanda, na ilikuwa ile ile aliyoitania mzee hemani, hasira aliyoiogopa hata kuiaga. "Mnadhani siwezi? Mimi siku ile nilikuwa pale. Nilimwona anasimama, nikamwona hayupo. Nilimnyanyua kutoka kwenye matuta kwa mikono hii, nikamfuta tope usoni, nikajua amekwenda. Nililia siku hiyo hiyo."

Jastin alikuwa amepiga magoti. "Mama, nisamehe. Tuliogopa utaumia."

Mama Cornelia alichukua viatu vyake mlangoni, akavishika mkononi bila kuvivaa.

"Hata radi, Jastin," alisema, "haikuniambia nirudi Jumapili."